Kifyatulio cha Mtani Wangu

Kama wewe si Mnyamwezi wala Mzaramo, naomba nianze kwa kujieleza, vinginevyo utaniona mwizi wa kawaida.

Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora. Rafiki yangu ni Mzaramo wa Kisarawe. Makabila yetu ni watani tangu enzi za misafara, babu zangu walipokuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu mabegani na kuwakuta babu zake wamekaa wakiwatazama. Hivyo ndivyo ninavyosimulia mimi. Yeye husema babu zake hawakuwa wamekaa, walikuwa wanacheza ngoma, na kwamba waliisimamisha kwa muda ili wawacheke wapagazi vizuri. Kwa vyovyote vile, sheria iliyobaki ni hii: mtani anaweza kukutukana mbele za watu, anaweza kuchukua kitu chako, na wewe huruhusiwi kukasirika. Unakikomboa kwa soda, kwa kuku, kwa chochote mtakachopatana, na mnacheka. Kwenye harusi ya binti yake, katika ukumbi mmoja wa Mississauga, huku Ontario tunakoishi, nilikalia kiti cha bwana harusi nikakataa kuondoka mpaka nipewe sahani ya pilau kabla ya watu wote. Upande wa bwana harusi walikuwa wazungu. Walidhani nimeugua ghafla, na shangazi yao mmoja akaniletea maji.

Mimi nakaa Agincourt, na sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi niliipitisha uwanja wa ndege nikipakia masanduku. Yeye hajawahi kuchoka na jambo hilo. "Mnyamwezi amevuka bahari," huwaambia wageni, "na bado anabeba mizigo ya watu." Yeye alikuwa fundi wa lifti. Nami huwaambia wageni haohao kwamba hiyo ndiyo kazi pekee ambayo Mzaramo angeiweza, kupanda juu bila kutembea.

Alipostaafu akaanza upinde. Anaishi Thorncliffe, kwenye maghorofa marefu, na bondeni chini yao kuna uwanja wa wazi wa kulengea shabaha ambao hautozi mtu kitu. Alikuwa akiwaona wapiga mishale kutoka kwenye baraza yake, akashuka siku moja kuuliza, hakupanda tena mpaka magharibi. Upinde wake si ule wa kuchonga. Ni mtambo, una magurudumu mawili na nyuzi zinazopishana kama nyaya za lifti, na nadhani ndicho kilichomvuta. Hauvutwi kwa vidole. Unafunga kifyatulio kwenye kifundo cha mkono, kidude cha chuma chenye mkanda na taya ndogo. Taya zinauma upote, yaani ule uzi wa upinde, unavuta, unalenga, unagusa kitufe, upote unaachiwa bila kutikisika. Bila kifyatulio mtambo ule wote ni pambo la ukutani.

Kila vuli alikuwa akienda porini kaskazini kutafuta kulungu, na kila vuli alirudi na picha za majani mekundu. Hakuwahi kuachia mshale kwa mnyama hata mmoja. Ama kulungu walikuwa mbali, ama walikuwa majike naye ana kibali cha dume, ama alikuwa amesinzia. Mwaka jana bega lake la kulia likafika mwisho. Daktari akamwambia atampasua baada ya Krismasi, na kwamba akishapasuliwa asitegemee kuvuta tena upinde wa nguvu ile. Basi vuli ya mwaka jana ndiyo ilikuwa ya mwisho. Hakulizungumza sana. Aliniambia mara moja tu, tukiwa kwenye foleni ya nyama: "Namtaka mmoja. Mmoja tu, wa mkono wangu mwenyewe, halafu daktari achukue bega lake."

Ndipo akaniomba niende naye. Si kuwinda, kwani sikuwa na leseni na sikujua mshale unaanzia upande gani. Nilikwenda kama mpishi na mpagazi. Alisema ni heshima kwa kabila langu.

Tulifunga mizigo kwangu, Jumapili, nilipotoka kanisani, kwa sababu kwake lifti ilikuwa mbovu, jambo lililomuuma kuliko bega. Alimwaga kila kitu juu ya zulia la sebule. Sijaona mtu mwenye spea kama yule. Upote wa akiba, ukiwa umekunjwa kama bangili. Mishale ya akiba na vichwa vyake, kila kichwa kwenye kijumba chake. Funguo ndogo za kukazia skrubu, seti mbili, moja ya mfukoni na moja ya begini, kwa sababu begi linaweza kuzama na mfuko unaweza kutoboka. Nta ya kupaka upote. Uzi wa kufungia hiki na gundi ya kubandika kile. Kifyatulio cha pili, ndugu kabisa wa kile cha kwanza, kimeviringishwa kwenye kitambaa cha kijani ndani ya kikopo. Alikuwa amebeba mpaka miwani ya akiba ya kwangu mimi, ile ya bei rahisi ya dukani, kwa sababu, alisema, mpishi kipofu atatuua.

Mke wangu aliruka juu ya mishale akiwa na kapu la nguo, akauliza kama tunakwenda kuwinda au kufungua duka.

"Shemeji," mtani wangu akamjibu, "lifti ikikwama na mama mjamzito ndani, utamwambia asubiri spea itoke Montreal?"

Ndiyo shida ya mafundi, kila mfano wao una mama mjamzito ndani.

Kosa langu lilianzia kwenye unga. Mizigo ilikuwa mizito, na kulikuwa na mahali tutakapolazimika kubeba mtumbwi na kila kitu kupita nchi kavu kutoka ziwa moja hadi jingine. Akapima begi langu kwa mkono, akatoa mfuko mmoja wa unga wa sembe kati ya miwili, akauweka kando. Nikamwambia huo ni ugali wa siku za mwisho. Akasema siku za mwisho tutakula kulungu. Nikamwambia atoe spea zake baadhi, akanitazama kama nimemtajia kuuza mtoto. Kisha akaenda chumbani kuswali.

Alipokuwa huko, nilichukua kile kikopo. Nilitoa kifyatulio cha akiba, nikakitia mfukoni mwa koti, na kwenye kitambaa cha kijani nikaviringisha kipande cha muhogo mkavu. Muhogo ndiyo heshima ya Mzaramo, kila mtu anajua. Mpango wangu ulikuwa safi. Tukifika porini, siku yoyote atakayofungua kikopo kukagua mali zake, maana alikuwa lazima akague, atakuta muhogo, atapiga kelele, nami nitamdai mfuko wa unga na msamaha. Basi.

Ila koti nililovaa lilikuwa la kanisani. Mke wangu alipita tena, akanusa, akasema siwezi kufunga dagaa nikiwa na koti la misa, nivue. Nikavua, akalitundika kabatini. Nikavaa jaketi la baridi nikaendelea kufunga dagaa kwa furaha, nikimsikia mtani wangu chumbani akimaliza dua.

Tuliondoka Jumatatu kabla ya msongamano wa magari. Njiani alinitukana mpaka barabara ikawa ya njia moja. Kwenye ile nchi kavu kati ya maziwa nilibeba mtumbwi kichwani, yeye akatembea mbele yangu na fimbo akiimba nyimbo alizodai ni za misafara, zenye maneno ambayo sitayaandika. Alikuwa na furaha. Nataka hilo lieleweke. Nilimjua mtu yule kwa nusu ya maisha yangu na sikuwahi kumwona na furaha namna ile, bega na yote.

Kambi yetu ilikuwa juu ya mwamba mpana unaoshuka moja kwa moja ndani ya maji meusi. Asubuhi ya pili aliteremka kutawadha. Alikuwa amekwisha kujifunga kifyatulio mkononi kama mtu anavyovaa saa, kwa hiyo akakivua, akakiweka juu ya jiwe karibu yake, akakunja mikono ya shati. Alipoinuka kupangusa kichwa, mkono wa jaketi alilokuwa amelitupia mabegani ukafagia lile jiwe. Nilikuwa napuliza moto. Nilisikia sauti ndogo, kama mtu aliyeangusha kijiko kwenye ndoo. Tukasogea wote wawili tukatazama. Ziwa lile halina upole wa kina kifupi. Pale pale ukingoni ni giza.

Hakufadhaika. Alimaliza kutawadha, akaswali, akaja motoni akikausha uso.

"Sasa Mnyamwezi umejionea," aliniambia. "Uliniambia niache spea nibebe unga. Leo tungepika unga tukalia."

Akaleta kikopo, akakaa juu ya gogo, akafungua kitambaa cha kijani.

Alikitazama kile kipande cha muhogo. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika bega kwa maumivu. Akasema amekwisha kuliwa, akasema Wanyamwezi wana uchawi, akasema hata Waarabu walilalamika kuhusu wapagazi hawa. Nami nikacheka. Nikamwambia bei ni mfuko wa unga, ule wa Agincourt ambao hatuna, na zaidi ya hapo tende zake zote, na kwamba kuanzia leo ataosha sufuria. Akasema tende nichukue nusu. Nikakataa. Akasema basi zote, mwizi we, lete. Nikaingiza mkono kwenye mfuko wa jaketi.

Kuna wakati mkono unajua jambo kabla ya kichwa. Mkono wangu ulikuta leso na pipi ya kikohozi. Ukahamia mfuko wa pili. Ukarudi wa kwanza. Mtani wangu alikuwa bado ananyoosha kiganja, anacheka, anasema sasa usinichezee, jua linapanda. Nilivua jaketi nikalitikisa. Nilipekua begi langu nikijua kabisa kwamba hakimo. Nikaliona kabati la nyumbani, wazi kama nimesimama mbele yake, na lile koti la misa limetundikwa katikati ya nguo za mke wangu.

"Kiko kwenye koti," nilimwambia.

"Koti lipi?"

"La kanisani."

Uso wake ukabadilika polepole, si kwa hasira, ila kama mtu anayejumlisha. Kutoka pale hadi Agincourt kulikuwa na ziwa, nchi kavu, ziwa jingine, na siku nzima ya barabara, halafu kurudi. Msimu wa kibali chake ulikuwa unafungwa mwisho wa juma lile.

Akakunja kitambaa vizuri, akarudisha muhogo ndani ya kikopo, akafunga.

"Sawa, bwana," akasema. "Haya hutokea."

Hapo ndipo nilipojua nimekwisha. Hakuwahi kuniita bwana. Tangu tujuane ameniita mpagazi, mlafi, mzigo, ng'ombe wa Tabora. Nilikuwa nimezoea kama mtu anavyozoea jina lake la ubatizo. Asubuhi ile alianza kuniambia tafadhali. Aliniomba chai kwa tafadhali na aliipokea kwa asante. Nilimtukana kidogo kumchokoza, nikamwambia Mzaramo hata vidole vyake vinaogopa kazi, akaitikia kwa kichwa akasema ni kweli kabisa. Nilipika ugali mbichi makusudi. Akasema ni mzuri, Mungu akubariki. Mnajua mtu anaweza kukonda kwa adabu?

Baadaye siku ile alitoa wazo, kwa upole mkubwa. Watu wa zamani walivuta kwa vidole. Upinde wake haukutengenezwa kwa hilo, upote unabana vidole kwa pembe kali na mshale hutoka kombo, lakini kwa kulungu aliye karibu sana huenda ikawezekana. Alihitaji kipande cha ngozi cha kukinga vidole. Akauliza kama kuna ngozi mahali, bila kunitazama. Kati ya spea zote zile hapakuwa na ngozi.

Mimi nilikuwa nayo, kiunoni. Nilikata mshipi wangu kwa kisu, nikakata kipande cha pili, na cha tatu, mpaka tukapata umbo linalokaa vizuri. Kilichobaki hakikuweza kufunga hata paka. Suruali yangu ikaanza kushuka, na kwa siku zilizobaki niliifunga kwa ule upote wa akiba, uliokuwa umekunjwa kama bangili. Ndiyo spea pekee iliyotumika safari nzima.

Halafu akahitaji kitu cha kulenga.

"Bwana," alisema, "nisingependa kukusumbua. Lakini ule mfuko wako wa unga."

Nikauleta mwenyewe. Nikausimamisha juu ya kisiki, nikarudi nyuma nikashika suruali. Mshale wa kwanza ulipita kushoto ukaenda kwenye misonobari. Wa pili pia. Wa tatu ukaugonga unga begani, tuseme, ukatoa moshi mweupe. Alivuta kwa kukunja uso, bega likilia, akapumzika, akavuta tena. Kufikia jioni aliweza kuupiga mfuko kila mara, mradi awe karibu kama mtu anayetaka kuuamkia, na mradi alenge upande wa kulia wa pale alipokusudia. Usiku tulikula ugali wenye nyuzi za nailoni. Alisema asante.

Siku zilizofuata tulikaa kwenye maficho aliyotengeneza kwa matawi, mahali ambapo kulungu hushuka kunywa. Mimi nilikaa nyuma yake. Ilikuwa baridi ya kukata masikio. Hakuna aliyekuja ila kwale mmoja wa porini, ndege mnene asiye na akili, aliyetukagua na kuondoka. Niliomba. Nilimwomba Mungu kulungu kama nilivyomwomba kazi nilipofika nchi hii. Nilimwambia sitaki ishara nyingine yoyote mwaka huu.

Akaja jioni ya mwisho. Dume, shingo nene, pembe kama kiti kilichovunjika. Alitoka kwenye miti bila sauti, akasimama, na hakuwa karibu kama mfuko wa unga. Alikuwa kama kutoka altareni hadi benchi za katikati. Kwa kifyatulio ilikuwa shabaha ya mtoto. Nilimwona mtani wangu akipiga mbali zaidi ya pale kila wiki bondeni Thorncliffe, huku akizungumza siasa.

Alivuta. Nilisikia bega lake, naapa nililisikia. Akashikilia. Vidole vyake vilikuwa vyeupe kwenye ile ngozi ya mshipi wangu na ncha ya mshale ilikuwa inacheza, kidogo, kushoto, kulia. Midomo yake ilitamka bismillahi. Mimi nilikuwa nimeacha kupumua na nimeachia suruali.

Kisha akaurudisha upote polepole, mpaka mwisho, akaweka upinde magotini.

Kulungu alitutazama. Akakojoa, kwa utulivu wa mtu aliye nyumbani kwake, akaondoka zake.

"Mbona hukupiga?" nilimnong'oneza, ingawa hapakuwa tena na wa kusikia.

"Ningempiga tumbo," akasema. "Angetembea na mshale wangu usiku kucha." Akafungua kidole kimoja kimoja kama mtu anayefungua mlango ulioganda kwa baridi. "Si haki yake kulipia mzaha wa watu wawili."

Alisema watu wawili. Alijihesabu na yeye, na hiyo ndiyo iliyoniuma kuliko lawama yoyote, kwa sababu yeye hakufanya lolote ila kutawadha.

Tulirudi. Kwenye nchi kavu alibeba mzigo wake mwenyewe, na bega lile, na aliponikatalia nisimsaidie alisema nisijisumbue, bwana. Ndani ya gari tulisikiliza redio mpaka mjini. Nilimfikisha kwake, lifti ilikuwa imetengenezwa, akasema asante kwa safari, akaingia ndani na milango ikajifunga.

Nyumbani nilikwenda moja kwa moja kabatini. Koti lilikuwepo, mfuko mtupu. Mke wangu alikuwa amekitoa kifyatulio siku ileile tuliyoondoka, akakiona kina mkanda wa mkononi na kitufe, akadhani ni mashine mpya ya presha niliyonunua kwa siri ili asijue hali yangu. Alikuwa amekihifadhi kwenye droo ya dawa. Alikuwa pia amekasirika, wiki nzima, kuhusu presha nisiyokuwa nayo, ambayo kufikia hapo huenda nilikuwa nayo. Nilipomweleza alichofanya mumewe hakucheka. Aliketi kitandani akasema, "Mtani huchukua kitu anachoweza kukirudisha. Hata mtoto anajua." Mke wangu si Mnyamwezi, ni Mhaya, na nilipaswa kukataa kufundishwa utani na Mhaya. Sikuwa na nguvu.

Nilikipeleka Thorncliffe kesho yake. Alikipokea kwa mikono miwili na akanikaribisha chai.

Krismasi ikapita, wakampasua. Nilimwendea alipotoka hospitali, na sufuria ya uji wa ulezi. Binti yake alinifungulia, akanieleza kwa Kiingereza kwamba baba amelala. Nikajibu kwa Kiswahili nitasubiri, naye akacheka akaenda jikoni. Alikuwa hajalala. Alikuwa kwenye kochi, mkono umefungwa kifuani, dawa zimemlegeza macho.

Nilikuwa nimejiandaa hotuba. Iliisha njiani, kwenye basi. Nilimwambia tu kwamba nimekuja kulipa faini.

"Faini ya nini, bwana?"

"Ya kulungu. Na uniache na hilo bwana lako. Kama kuna bei, nitajie. Nimechoka."

Aliegemeza kichwa kwenye kochi. Nikafikiri amesinzia. Nje theluji ilikuwa inapita dirishani kuelekea juu, kama inavyofanya kwenye maghorofa marefu.

"Bega lako la kulia," akasema hatimaye. "Linafanya kazi?"

"Linafanya. Nilipakia masanduku nalo."

"Basi si lako tena." Alifumba macho. "Utasoma, utafanya mtihani, utavuta. Vuli ijayo mimi nitakaa nyuma yako, nitakuambia nini cha kufanya. Ukikosa, unavuta tena vuli nyingine. Mpaka aanguke. Nawe ulete uji wenye sukari, huu ni wa kupaka ukuta, mpagazi mkubwa."

Nilitoka pale nikashuka kwa ngazi, ghorofa zote, kwa sababu sikutaka mtu wa kwenye lifti anione uso.

Nimefanya kama nilivyoamriwa. Nilisoma kozi ya wawindaji darasani na watu wenye umri wa wajukuu zangu, waliojua kila unyayo wa kila mnyama wa Ontario, nikafeli, nikarudia, nikafaulu. Nimemuuliza mtani wangu kama nyama ya mshale wa Mkatoliki ataila. Ameniambia amekwisha kuuliza msikitini, ninyi ni watu wa Kitabu, ingawa wewe hukisomi. Ninatumia upinde wake mwenyewe, umelegezwa nguvu kwa zile funguo ndogo. Kiangazi chote tumekuwa bondeni. Yeye hukaa kwenye kiti cha kukunja, na thermosi ya chai, ananitukana kwa Kiswahili, na wapiga mishale wengine, Wachina na Wafilipino na mzee mmoja Mfaransa, huacha kupiga wasikilize. Hawaelewi neno hata moja ila wanaelewa yote.

Msimu unafunguliwa karibuni. Jana nilipiga mshale ambao kwa mara ya kwanza uliingia katikati kabisa ya duara, pale penye manjano, ukatetemeka pale. Nilishusha upinde nikageuka kumtazama. Alikuwa amekwisha kusimama, anakwenda kwa yule mzee Mfaransa kumwomba radhi, kwa kuwa karatasi ya shabaha niliyoitoboa ilikuwa ya kwake.

Aliporudi akakaa, akajimiminia chai kwa mkono ule wa bega jipya, polepole, bila kumwaga.

"Wewe ulikuwa unalenga wapi?" akaniuliza.

Nikamwonyesha. Akapima kwa jicho umbali wa karatasi yangu na ile ya jirani, kama fundi anayepima mlango usiokaa sawa.

"Basi ni rahisi," akasema. "Porini utalenga mti. Kulungu asimame pembeni."